Vikao vya Kuacha Pombe: Historia Kutoka Kimamba, Kilosa

Kikao cha watu wanaosaidiana kuacha pombe ni kipya katika Wilaya ya Kilosa kuliko karibu kila kitu kingine kinachohusu kileo. Pombe ya nafaka ilitangulia, kikafuata kilabu, ikafuata leseni, faini ya gongo, bia ya chupa, mahubiri dhidi ya ulevi na tiba ya hospitali. Kikao chenyewe, yaani watu waliolemewa na pombe kukaa pamoja na kuzungumza kwa lengo la kubaki bila kunywa siku hiyo, kilichelewa sana, na kilifika Tanzania kwa njia ambayo wengi wasingeitegemea. Kimamba, mji mdogo wa mkonge kwenye Reli ya Kati, ambao leo una kata mbili za Kimamba A na Kimamba B, ni mahali panapofaa kwa kuifuata historia hiyo. Mji huu ulikuzwa na treni na mashamba makubwa, na unywaji wake ulipata sura kutokana na vitu hivyo viwili.

Kabla ya reli, nchi ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda ilikuwa na pombe ya mtama, uwele na baadaye mahindi. Wanawake ndio walioipika. Waliotesha nafaka ikawa kimea, wakaianika, wakaisaga, wakapika uji na kuuacha uchachuke kwa siku kadhaa. Kabla haijakolea ilikuwa togwa, kinywaji cha watoto na cha mgeni aliyefika mchana. Ilipokolea ilikuwa pombe, na pombe ilikuwa na mahali pake: kwenye tambiko, harusi, msiba, na zaidi ya yote kwenye kazi ya ujima, pale mwenye shamba alipowaita majirani walime au wavune naye kisha akawapa mtungi. Ilikuwa malipo, shukrani na sala kwa wakati mmoja. Iliwekewa mpaka na ghala. Nafaka ilipopungua miezi michache kabla ya mavuno mapya, hakuna mtu mwenye akili aliyegeuza chakula cha watoto kuwa kileo. Walevi walikuwapo, na si haki kuipamba enzi hiyo kana kwamba hakuna mwanamke aliyepigwa na mume aliyelewa. Lakini aliyezidisha alijulikana, na wenye kumsema walikuwa wazee wa ukoo wake, watu waliokuwa na uwezo wa kumnyima mke, shamba au nafasi barazani. Hapakuhitajika kikao maalumu, kwa sababu baraza la ukoo lilifanya kazi hiyo pamoja na nyingine nyingi.

Hali hiyo ilivunjwa na reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwishoni mwa 1907, ikapita Kilosa kuelekea Tabora iliyofikiwa 1912, na ikakamilika Kigoma mwaka 1914. Ardhi tambarare na yenye rutuba kati ya mto Wami na mto Mkondoa ikawa na thamani mpya, kwa kuwa mazao yangeweza kufika bandarini. Mkonge ulikuwa umeletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, na miche michache iliyosalimika safarini ilipandwa karibu na Pangani. Zao hilo likaenea Tanga, kisha likafuata reli hadi Morogoro na Kilosa. Chini ya Waingereza, mashamba ya eneo la Kimamba na Rudewa yalishikwa na walowezi na makampuni, wakiwamo Wagiriki wengi, na mji ukawa na stesheni, maduka ya Wahindi, mashine za kuchambua majani na safu za kambi za wafanyakazi.

Wafanyakazi hao waliitwa manamba. Wengi walitoka mbali: Unyamwezi, Uha, Ubena, Ungoni, Umakondeni, na wengine ng'ambo ya mpaka, Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kilianzisha ofisi ya kuajiri vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU, na wanaume wakasafirishwa kwa maelfu kwa mikataba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye siku 30 za kazi. Kila siku iliyokamilika iliwekewa alama, na mshahara ulilipwa kadi ikijaa. Mwanamume aliyekaa kambini aliishi mbali na mke, mama, wajomba na wazee ambao kule kwao wangemwambia basi, imetosha. Kile alichokuwa nacho ni fedha taslimu mara moja kwa mwezi na jioni ndefu zisizo na shughuli.

Pombe iliyomngoja haikuwa tena ya mavuno. Treni ilileta nafaka mwaka mzima, na mahindi ya dukani hayakujali kama ghala la kijijini ni tupu. Kuzunguka kambi, wanawake waliishi kwa kupika na kuuza: pombe ya mahindi na mtama, komoni, kangara ya asali na pumba, na kwa siri, gongo. Wengi wao walikuwa wajane, wanawake walioachika, au wake wa vibarua ambao mshahara wa mume haukuwatosha. Jambo hili halifai kupitwa haraka. Katika miji ya mkonge kilabu ndicho kilichosomesha watoto, kikajenga nyumba za udongo na kulipa kodi, na kila mpango wa baadaye wa kupunguza ulevi uligonga ukuta huo huo: pombe iliyomwangusha mwanamume mmoja iliwalisha watoto wa jirani yake. Ndiyo maana vilabu vya Kilosa vilivunjwa mara nyingi na kufufuka kila mara.

Serikali ziliingilia kati mapema, lakini zilitazama chupa kuliko mtu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika eneo kubwa la Afrika ya tropiki. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 uliendeleza katazo hilo, na hati ya udhamini wa Tanganyika ya Shirikisho la Mataifa ikaitaka Uingereza idhibiti uuzaji wa vileo vikali. Kwa vitendo, Mwafrika alikatazwa pombe kali iliyouzwa kwa Mzungu, na kwa muda mrefu hata bia ya chupa haikuwa halali kwake. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu na majumbe uwezo wa kutoa amri za kuzuia au kupanga upikaji wa pombe katika maeneo yao. Kukawa na siku za kupika, saa za kufungua, ada na faini. Ada hizo ziliingia katika hazina ya mamlaka, kwa hiyo mtawala aliyetakiwa kupunguza pombe alikuwa pia na sababu ya kutaka iendelee kuuzwa.

Kufikia enzi ya uhuru ubaguzi wa rangi katika kinywaji uliondolewa, na hilo lilikuwa jambo la haki. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilipanga leseni na saa za biashara kwa wote. Kiwanda cha bia kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1933 kiliingia katika umiliki wa umma baada ya Azimio la Arusha la 1967, na bia ikawa chanzo kikubwa cha mapato ya taifa. Gongo lilibaki haramu, na polisi waliendelea kuvunja mitambo na kumwaga mapipa. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali vilivyokuwa vimejaa katika vituo vya mabasi na vijiwe vya bodaboda. Hatua hiyo ilisaidia, kwa kuwa ilimwondolea kijana kileo cha bei ya kipande cha muhogo. Hata hivyo, katika mlolongo huo wote, kuanzia Brussels hadi viroba, hakuna kifungu kilichomweleza mtu aliyekwisha kunaswa aende wapi kesho yake asubuhi, mikono ikimtetemeka na kilabu kikimwita akazimue.

Swali hilo liliulizwa kwanza na dini. Wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society (CMS) walifika Mpwapwa na Mamboya mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzo wa 1880, na kazi yao ikaenea Ukaguru, pamoja na Berega ambako baadaye palijengwa hospitali. Kwa wamisionari hao pombe, ngoma na tambiko vilikuwa kitu kimoja, na Mkristo aliyekutwa kilabuni alitengwa: alizuiwa meza ya Bwana hadi atubu. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza jinsi katazo hilo lilivyowaweka waumini njia panda. Mwaka 1961 alichapisha makala kuhusu unywaji na wizi wa ng'ombe katika Ukaguru. Ndani yake kilabu kinaonekana kama uwanja ambapo Wakaguru wakulima na Waparakuyo wafugaji walikutana, wakauziana, wakapatana na wakagombana. Kujitenga na kilabu kulikuwa kujitenga na habari za nchi. Wamisionari Wakatoliki hawakukataza pombe yenyewe, walikemea kulewa. Uislamu, uliokuwa na nguvu katika miji ya njia ya misafara na reli kama Kilosa na Kimamba, uliharamisha kileo moja kwa moja, na kwa Mwislamu aliyetaka kuacha, sala tano, funga ya Ramadhani na macho ya jamaa wa msikitini vilikuwa msaada wa kila siku.

Kutengwa, hata hivyo, si msaada. Kulimwonyesha mlevi mlango wa kutokea, na wengi waliutumia bila kurudi. Badiliko kubwa lilitoka mahali pengine, tena kwa mchango mkubwa wa Waafrika wenyewe. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulilipuka Gahini, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, hasa katika makanisa ya Kianglikana na Kilutheri. Waliookoka waliitwa walokole. Nguzo yao haikuwa mahubiri ya mimbarini. Ilikuwa mkusanyiko mdogo wa kila wiki, nyumbani kwa mtu au chini ya mti, ambapo kila mmoja alieleza mbele ya wenzake dhambi yake kwa jina lake: niliiba, nilizini, nililewa. Aliyeeleza hakutengwa. Aliimbiwa, akakumbatiwa, na wiki iliyofuata aliulizwa amekwendaje.

Historia ya kuacha pombe Afrika Mashariki haiwezi kuandikwa bila vikundi hivyo. Ndani yavyo mlikuwa na karibu kila kinachohitajika: watu wa hali moja, ukweli bila kupambwa, mkutano unaorudiwa kwa siku ile ile, mtu wa kumkimbilia usiku hamu ikizidi, na marafiki wapya badala ya wale wa kilabuni. Mwanamke aliyekuwa mpika pombe na mumewe aliyekuwa mnywaji waliweza kuokoka pamoja, na hapo tatizo la kipato lilitazamwa na ndugu wa kikundi, si na wao wawili peke yao. Udhaifu wa vikundi hivyo ni kwamba mlango ulikuwa mmoja. Mwislamu, Mkatoliki, mtu wa mila, au mlokole aliyeanguka mara ya tatu na kuona haya, hakuwa na pa kuingia.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, upande mwingine wa dunia, chombo kinachofanana sana na hicho kilizaliwa. Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyeharibiwa na pombe, alikutana mwaka 1935 huko Akron, Ohio, na daktari wa upasuaji Bob Smith, mlevi kama yeye. Wote wawili walikuwa wamepitia Oxford Group, kundi la Kikristo lililosisitiza kukiri makosa mbele ya wenzako na kurekebisha uliyowakosea. Tarehe 10 Juni 1935, siku inayohesabiwa kuwa ya mwisho kwa Smith kunywa, ndiyo inayoadhimishwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake pale ambapo hamsikilizi daktari, mke wala padri, na kwamba anayesaidia hupona kwa kusaidia. Mwaka 1939 walichapisha kitabu chenye hatua kumi na mbili: kukubali kwamba pombe imekushinda, kumtegemea Mungu kadiri kila mtu anavyomfahamu, kuyahesabu makosa yako, kuyakiri, kuyarekebisha, na kuwapelekea wengine ujumbe huo. Mwaka 1950 yalipitishwa mapokeo kumi na mawili yanayoongoza vikundi: hakuna ada, hakuna siasa, hakuna kutegemea fedha za nje, na jina la mtu halitangazwi. Sharti la kuingia ni moja tu, nia ya kuacha kunywa.

AA ilijitenga na Oxford Group mapema, na hilo ndilo lililoiwezesha kuvuka mipaka ya dini. Mungu wa hatua hizo hana dhehebu, kwa hiyo Mwislamu na Mkatoliki huweza kukaa benchi moja. Kama wazo hili lingefika Kilosa wakati wa manamba, lingekuta watu wa kabila na dini nyingi waliokaa kambi moja wakiwa na shida moja, yaani hali ile hasa ambayo lilitungwa kwa ajili yake. Halikufika. Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki AA ilitangulia kwa Kiingereza, miongoni mwa wageni na watu wa ofisini. Nchini Kenya Kanisa Katoliki lilifungua kituo cha Asumbi, karibu na Ziwa Viktoria, mwaka 1978, na mapadri, walimu na watumishi wa serikali wakaanza kutibiwa kwa kufuata hatua hizo. Kwa kibarua wa Kimamba, hata hicho kilikuwa katika dunia nyingine.

Hospitali nazo zilikuwa na njia yao, ndefu na ya polepole. Wamisionari wa Kijerumani wa Bethel waliigeuza Lutindi, katika milima ya Usambara, kuwa makao ya wagonjwa wa akili mwaka 1904. Waingereza walijenga Mirembe mjini Dodoma katika miaka ya 1920. Mlevi alifika huko tu akiwa amechanganyikiwa kabisa, na mara nyingi alifikishwa na polisi. Mkoa wa Morogoro ulipata bahati katika miaka ya 1980. Tanzania, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, iliendesha mpango wa afya ya akili ulioanzia kwa majaribio katika mikoa miwili, Morogoro na Kilimanjaro. Lengo lake lilikuwa kuitoa tiba ya akili katika hospitali kubwa za mbali na kuipeleka wilayani, hadi zahanati, kwa kuwafundisha wauguzi na waganga wa kawaida kutambua na kutibu maradhi hayo. Kwa Kilosa, hiyo ilimaanisha kwamba mgonjwa wa akili alianza kuonwa karibu na kwake. Ulevi ulihesabiwa miongoni mwa matatizo ya akili, ila zahanati ilichoweza kumpa mlevi ni dawa ya siku chache na maneno ya nasaha. Kikundi cha kumpokea alipotoka hakikuwapo.

Tiba hiyo ya siku chache isidharauliwe. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kupata degedege, homa, kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa, na hatari hiyo huanza ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Kikao hakiwezi kuizuia, hospitali inaweza. Katika miaka ya karibuni watafiti wa hospitali ya KCMC mjini Moshi wamethibitisha kwa Kiswahili maswali kumi ya Shirika la Afya Duniani ya kupima unywaji, na wamejaribu mazungumzo mafupi na majeruhi wanaofika idara ya dharura, katika mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Ni kazi nzuri, kwa sababu inamkuta mnywaji siku ambayo jeraha lake mwenyewe linazungumza.

Vikao vya hatua kumi na mbili kwa Kiswahili, vikiendeshwa na Watanzania wa kawaida, vililetwa na heroini. Dawa hiyo ilienea pwani kuanzia miaka ya 1980 na 1990, kwa kuwa bandari za Bahari ya Hindi zilikuwa njia ya kuisafirishia. Sindano zilizochangiwa zikaeneza virusi vya UKIMWI, na hapo fedha na uangalizi wa dunia vikaja. Mwaka 2009 nyumba ya kwanza ya waraibu wanaopata nafuu ilifunguliwa Zanzibar, kwa msaada wa watu wa Detroit, Marekani, waliokuwa wenyewe wamepona. Nyumba za aina hiyo watu waliziita soba hausi. Kijana aliingia humo kwa miezi kadhaa, akaamka mapema, akafagia, akapika, akahudhuria vikao vya kila siku, na alipomaliza akabaki kuwaongoza wengine. Nyumba za namna hiyo zikaongezeka Unguja, Pemba, Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga na miji mingine ya bara. Mwezi Februari 2011 hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Kwa mara ya kwanza maneno kama mraibu, nafuu, hatua na kikao yalipata maana moja inayoeleweka na watu wa mitaani.

Wanywaji waliingia kupitia mlango huo huo. Soba hausi nyingi hupokea mlevi wa pombe pamoja na mtumiaji wa heroini, na kikaoni hawatofautishwi. Lakini nyumba hizo ziko mijini, familia hulazimika kuchangia gharama za kila mwezi, na karibu zote zimejengwa kwa kumfikiria mwanamume kijana. Sheria ya mwaka 2015 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inahusu dawa hizo, na pombe halali haimo ndani yake. Kenya ilichagua njia nyingine: NACADA, mamlaka iliyopewa sheria yake mwaka 2012, inashughulikia pombe na dawa za kulevya kwa pamoja. Tofauti hiyo ina uzito katika wilaya kama Kilosa, ambako tatizo la kila siku ni pombe, na heroini ni habari ya mbali.

Wakati hayo yakitokea pwani, Kimamba ilikuwa imepoteza kazi iliyoiumba. Uzalishaji wa mkonge nchini ulifikia takriban tani 230,000 mwaka 1964, kisha nyuzi za plastiki zikashusha bei. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, usimamizi ukayumba, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 taifa lilizalisha karibu tani 20,000 tu. Wazee waliokuja kama manamba walizeeka pale pale, na wajukuu wao wakawa wakulima wadogo, madereva wa bodaboda na vibarua wa msimu. Kambi ziliharibika, vilabu vikabaki. Upande wa kusini mwa wilaya, Mikumi iliishi kwa barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, kwa madereva wa malori, ulanzi ulioteremshwa kutoka nyanda za juu na baa zisizofungwa.

Mtu wa Kimamba anayetafuta msaada sasa huanza na vyombo vilivyoachwa na kila kipindi cha historia hii. Kwa hatari ya siku za mwanzo kuna hospitali ya wilaya mjini Kilosa, na kwa watu wa Mikumi kuna hospitali ya Kanisa Katoliki ya Mtakatifu Kizito. Kwenye halmashauri kuna ofisa ustawi wa jamii, ambaye ni mtu sahihi wa kumuuliza soba hausi iliyo karibu na anayeweza kuandika barua ya rufaa. Makanisa yana vikundi vya maombi vilivyorithi mengi kutoka kwa walokole, na misikiti ina madarasa yanayompokea anayetubu. Kikao hasa cha walevi kwa walevi mara nyingi hutafutwa nje ya wilaya, katika miji mikubwa, au kwa simu, kwani vikundi vingi duniani vilizoea kukutana kwa njia ya mtandao tangu mwaka 2020.

Vizuizi viwili vimeendelea tangu enzi za kambi. Cha kwanza ni aibu. AA inaahidi kuficha jina, lakini katika mji ambao kila mtu anamjua mama wa mwenzake ahadi hiyo ni ngumu kutimiza, na anayeonekana akiingia chumba fulani kila Alhamisi atakuwa gumzo kabla ya Ijumaa. Walokole walilitatua hilo kwa kuigeuza siri kuwa ushuhuda wa hadharani, jibu ambalo katika mji mdogo linaweza kufaa kuliko lile la New York. Cha pili ni wanawake. Mwanamke mlevi hudharauliwa mara mbili, na mpika pombe anayetaka kuacha kunywa hulala chumba kimoja na pipa. Kwake yeye kuacha pombe kunaanza na kupata kazi nyingine, na hapo vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA vina la kufanya ambalo hakuna daktari anayeweza kulifanya.

Kwa mujibu wa mapokeo ya AA yenyewe, watu wawili au watatu wakikutana kwa nia ya kuacha kunywa wanaweza kujiita kikundi. Hawahitaji leseni, mfadhili, mtaalamu wala jengo. Darasa la shule jioni, ukumbi wa parokia au kibaraza cha zahanati vinatosha. Mganga wa zahanati, katekista, imamu au mwenyekiti wa kitongoji anayewafahamu watu wawili wa aina hiyo katika Kimamba A au Kimamba B awakutanishe, awape saa na mahali pa kudumu, kisha awaachie kikao chao.